Msalaba Chini ya Sweta

Nyinyi wenye tattoo ya msalaba, mbona hamkuniambia hii?

Leo wamama wa kanisa walikuja kwetu Njoro kwa maombi. Kabla ya chakula, nikawa nawanawisha mikono.

"Kunja sweta, inalowa," mama akaniambia.

Nikajifanya sijasikia. Akakuja akanikunjia mwenyewe.

Msalaba huo hapo, kwa mkono.

Na mama ndiye huwa anasema tattoo ni dhambi!

Shosho mmoja, bibi mzee kuliko wote, akalowesha kidole, akausugua.

"Hautoki?"

"Hautoki, shosho."

"Basi umejifunga. Mtu wa msalaba hamjibu mama yake vibaya."

Wamama wakacheka, wakaendelea kunawa.

Tangu waende, mama ananituma tu. Nikifungua mdomo nilalamike, anaangalia mkono.