Mwalimu wa Kushona wa Bulengera

Mwalimu wa kushona alikuwa mama mfupi wa Bulengera, mwenye vidole vilivyochomwa na sindano hadi vikawa havisikii tena maumivu. Kila asubuhi alipita nyuma ya wasichana wake sita, akivuta pindo hapa na pale, na palipokaa vibaya alifumua kwa wembe bila kuuliza. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Siku hiyo, mwaka wa tatu wa vita, alimwambia mmoja wao, Kavuo, kwamba kola yake inafanana na sikio la mbuzi. Kavuo akalia.

“Batoto ya leo!” mwalimu akasema. “Neno moja tu, machozi. Sisi balitupiga fimbo, na hatukulia.”

Hakupata kuendelea. Risasi zililia upande wa soko, karibu kabisa. Mwalimu akabaki amesimama katikati ya chumba, kama mtu aliyesahau mlango uko wapi. Wasichana hawakupiga kelele. Mmoja alifunga dirisha, wengine wakalala kando ya ukuta. Kavuo, mashavu bado mabichi, akamshika mwalimu mkono na kumlaza taratibu.

“Inama, mama. Usiinue kichwa. Bado.”

Walingoja mpaka kukanyamaza.

“Ulijifunza wapi hii?” mwalimu akanong'ona.

“Kwetu, Masereka. Nilikuwa na myaka kumi.”

Mwalimu aliketi sakafuni, akamwacha Kavuo amfute vumbi magotini, goti la kwanza, halafu la pili.