Siku Aplikesheni Ilipomzika Bwana Harusi

Ninyi vijana mtakaosoma haya kwenye simu zenu, kaeni vizuri kwanza. Mimi shule niliishia darasa la nne, na kompyuta naijua kwa kuipangusa vumbi. Lakini nakaa nyumba moja na mtu anayetengeneza aplikesheni za kuuza, kwa hiyo ninachoandika nimekiona. Asiyetaka kunisikiliza aendelee kutazama watu wanaocheza muziki.

Mtu huyo ni mjukuu wangu wa kike. Alikuwa ameajiriwa kwenye duka la simu hapa Tunduma, karibu na yanaposubiri malori ya kuvuka mpaka. Akaacha. Akasema amepata njia ya kutengeneza aplikesheni haraka, watu wazilipie, yeye ale kwa jasho lake. Nikamuuliza jasho litatoka wapi wakati atakuwa amekaa. Akasema, "Bibi, we subiri tu."

Njia yenyewe alinieleza tukiwa tunachambua maharage. Alisema aplikesheni nyingi ndani zinafanana. Kuna mlango wa kuingilia, kuna mahali pa kulipia, kuna mahali pa kutuma ujumbe kwa watu wote. Mjinga anajenga vitu hivyo upya kila anapopata mteja. Yeye alinunua vilivyokwisha kujengwa, akavirekebisha mara moja, akaviweka. Akaviita mfupa.

"Mfupa ni uleule, Bibi. Mteja akija nabadilisha nyama tu. Rangi, picha, jina. Wiki haiishi, kitu kiko sokoni."

"Na mteja anajua kwamba amepewa mfupa wa mwenzake?"

"Mteja anataka nyama."

Nikaona ana akili, sikumwambia.

Aplikesheni ya kwanza aliitengenezea chama chetu cha kuzikana, ambacho mwenyekiti wake ni mimi. Zamani mtu akifa tulikuwa tunatuma watoto nyumba kwa nyumba, wanafika wamesahau nani amekufa. Sasa ni kubonyeza. Maneno ya ujumbe nilimtamkia mwenyewe, akayaandika nilivyosema: "Tumefiwa na fulani. Kila nyumba ilete unga na kuni leo hii. Usipige simu kuuliza. Njoo." Penye fulani panaingia jina la marehemu. Hilo la kutopiga simu niliweka kwa sababu nawajua watu wangu. Mtu anapiga simu kuuliza marehemu aliugua nini, mnaongea mpaka salio linakwisha, na unga haleti.

Ikafanya kazi vizuri. Ya pili ilikuwa ya kwaya, nayo ilikuwa ya nyimbo tu, haikutuma ujumbe. Ya tatu ndiyo hii ya harusi.

Baba mmoja mkulima wa kahawa, wa huko nyuma ya Vwawa, alikuwa anamwoza kijana wake. Akataka aplikesheni ya michango: ndugu wa pande zote mbili waingie humo, walipie humo, waitiwe vikao humo. Akaitaka upesi. Mjukuu wangu akauchukua mfupa, akaondoa msalaba akaweka maua, akaondoa rangi nyeusi akaweka ya dhahabu. Sehemu ya kulipia aliijaribu mpaka nikamwambia apumzike. Sehemu ya ujumbe hakuijaribu. Alisema hiyo haina shida, imefanya kazi siku zote.

Jumamosi asubuhi yule baba akataka kuitisha kikao cha kamati. Akabonyeza palipoandikwa Tangaza. Chini kabisa ya mfupa, maneno yangu yalikuwa bado yamelala palepale. Penye jina la marehemu likaingia jina la mwenye shughuli, yaani bwana harusi. Ujumbe ukaenda kwa watu wote.

Hakuna aliyepiga simu kuuliza. Walikatazwa.

Sisi tulijua kwa sababu ya Mzambia mmoja wa Nakonde, mnunuzi wa mahindi, ambaye naye alikuwa kwenye orodha ya wachangiaji. Ni mgeni wa mila zetu, kwa hiyo yeye alipiga, na namba aliyoiona chini ya aplikesheni ni ya mjukuu wangu. Akaanza na heshima ya kwao: "Mukwai, poleni sana kwa kijana. Unga nalipa ushuru mpakani au wa msiba unapita bure?" Mjukuu wangu akaifungua ile aplikesheni, akasoma. Alikuwa anadeki; nilimwona anakaa chini palepale penye maji.

"Bibi, nimemuua mtu."

"Yuko wapi?"

"Yuko hai."

"Basi inuka. Chukua kompyuta yako twende."

Tulifika Vwawa kabla ya saa sita. Kule kwa yule baba ua umejaa. Wanaume wamekwisha kuwasha moto na kupanga mabenchi. Mmoja amesimama na sururu begani, anauliza wachimbe wapi, na anauliza kwa hasira maana hakuna anayemjibu. Wanawake wameshusha unga kwenye baraza, mafurushi juu ya mafurushi. Katikati, kwenye kiti cha plastiki, amekaa bwana harusi. Alisema ujumbe ulimkuta kwa kinyozi. Aliusoma, akajitazama kwenye kioo, akamwambia kinyozi amalizie upande uliobaki.

Baba yake akanijia. "Shikamoo Mama. Mjukuu wako nimemlipa aniozeshee mtoto. Amenizikia."

"Marahaba. Nimeona."

Hilo lingeisha kwa pole. Tatizo lilikuwa shangazi wa bibi harusi. Alikuwa amekaa mbali na wenzake, kanga imefungwa kiunoni, macho mekundu. Yeye ndiye mwenye sauti upande ule, na alikwisha kusema harusi haipo.

Nikamwendea. "Mama, kijana ni huyu hapa, anapumua."

"Namwona. Lakini mimi nimeshamlilia. Nimelia kuanzia barabarani, nimegaagaa pale getini, kila mtu ameona. Mtu niliyekwisha kumlilia nitampigiaje vigelegele? Nimkabidhi mtoto wetu kwa mtu tuliyemwaga machozi juu yake?"

"Ulimwona maiti?"

"Sikuona."

"Sasa ulimlilia nani?"

"Nililia simu ilivyoniambia!" Akaitoa simu kifuani akaniwekea usoni. "Soma. Hii ndiyo iliyoniliza. Na hii hii iniambie yu hai, mimi na wote walioambiwa. Sitaki kuambiwa kwa mdomo, mdomo ni wa kwenu. Isiposema kabla sijaondoka hapa, hatumtoi binti yetu, na kijana wenu atafute kwa watu wasio na simu."

Nikamgeukia mjukuu wangu. "Umesikia. Tuma."

"Bibi, sehemu hiyo haipo."

"Haipo vipi?"

"Mfupa unatangaza kufiwa. Hauna pa kusema aliyetangazwa yu hai. Hakuna aliyewahi kuihitaji."

"Leo yupo anayeihitaji. Kaa uandike."

Akakaa juu ya kiroba cha unga, akafungua kompyuta. Yule wa sururu akasogea kumtazama. "Ndiye huyu muuaji? Mbona mdogo?" Mjukuu wangu machozi yanamdondokea kwenye vidole na vidole havisimami. Sikumbembeleza. Angesimama tungemkosa shangazi.

Huku nyuma kukawa na jambo la unga. Kwetu unga uliopelekwa msibani haurudi nyumbani kwa aliyeuleta. Wanawake hawakubali kuuchukua tena. Mama wa kijana naye hataki ulale kwake, anasema hajafiwa. Nikasema upikwe wote, uliwe leo, na marehemu apasue kuni.

"Nani?" akauliza bwana harusi.

"Kuna marehemu mwingine hapa?"

Akavua shati akaanza. Watoto wakamzunguka. Mzee mmoja kwenye benchi akasema, "Katika misiba yote niliyohudhuria, huyu ndiye wa kwanza kunisaidia kuni." Watu wakacheka. Shangazi hakucheka, lakini aligeuza kigoda chake akaanza kutazama shoka lilivyokuwa linapanda na kushuka.

Ugali wa kwanza ulipoiva, mjukuu wangu akanyanyua kichwa. "Bibi, tayari. Niandike maneno gani?"

"Muulize aliyelia."

Shangazi akaja mwenyewe, akasimama nyuma yake, akatamka: "Yule tuliyesema amefariki hajafariki. Nimemwona mimi shangazi, anapasua kuni. Unga haurudi, njooni mle. Harusi," hapo akageuka. Akamtazama tena yule kijana, jasho linamchuruzika mgongoni. "Harusi iko palepale. Usipige simu kuuliza."

Safari hii mjukuu wangu hakubonyeza haraka. Aliutuma kwanza kwenye simu yangu. Nikavaa miwani, nikausoma wote mpaka nukta. Nikamwambia, "Peleka."

Simu zikalia ua mzima. Shangazi akafungua yake kana kwamba hajui kilichoandikwa, akasoma pole pole, akaifunga.

"Haya, marehemu. Niletee maji ya kunawa."

Kijana akaleta, akainama inavyotakiwa kwa mkwe. Shangazi akanawa, akala tonge, kisha akapiga kigelegele kimoja, kifupi, cha kujaribu. Kikatoka. Akapiga cha pili kirefu, na wenzake wakamfuata.

Tuliporudi Tunduma niliwaita wote waliomo nyumbani kwangu, hata mwanangu aliyekuwa anatazama mpira, wakakaa mkekani. Nikasema: "Mfupa ubaki, nimeona unalisha. Lakini usibaki na neno la mtu hata moja, wala langu. Pa maneno pawe patupu. Kila mteja atakuja kukaa hapa ayatamke yake, na hakuna aplikesheni itakayotoka humu ndani mpaka kila kitufe kibonyezwe, na ujumbe wake ufike kwanza kwenye simu yangu niusome. Nikiwa nimelala, niamsheni. Nikiwa kanisani, subirini. Sasa zimeni hiyo televisheni mkalale."