Kigali 1992: baba mkwe alipofufua mbio za mtaa kwa ajili ya Olimpiki, na sisi wanawake tukakataa kubaki watazamaji

Wakuu, habari zenu.

Mimi huwa napita humu, nasoma za watu, naondoka kimya. Leo naandika yangu. Picha sina, kamera hatukuwa nayo. Niliyoyaona nitayasema, na nisichokumbuka nitasema sikumbuki.

Juzi kwenye jukwaa la michezo kuna mkuu mmoja aliandika kwamba wanawake waliingizwa Olimpiki kwa kuonewa huruma. Sikukasirika. Nilicheka, kwa sababu nilimkumbuka baba mkwe wangu. Hayo hayo aliyasema mbele yangu kabla huyo mkuu hajazaliwa.

Tuanze.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Mwaka 1990 niliolewa Kigali, mtaa wa Biryogo, pale Nyamirambo. Kwa wasiopajua, ni mtaa wa Waislamu wengi, kila baraza ina cherehani, na Kiswahili kinaongewa, ila kile chao. "Iko" inafanya kazi zote. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha. Mwaka haukuisha, nami nikawa najibu wateja, "Mume wangu haiko, iko sokoni."

Mume wangu ni Yusufu. Baba yake, Mzee Hamadi, alikuwa fundi cherehani, na sote tulishona kwenye baraza yake. Mama mkwe tulimwita Mama Yusufu. Mwanamke mnene, mpole, goti moja bovu, na ulimi ambao haukuwa na haraka.

Mwaka 1992 hali haikuwa nzuri. Vita ilikuwa kaskazini, mjini bariyeri, yaani vizuizi vya askari, unatembea na kitambulisho kama unavyotembea na viatu. Watu walizoea kuongea kwa sauti ndogo. Hata harusi zilikuwa zinaisha mapema.

Ndipo ikaja Olimpiki ya Barcelona.

Televisheni mtaani kwetu hapakuwa na mtu aliyekuwa nayo. Tulikuwa na redio ya Mzee Hamadi, juu ya kabati la vitambaa, na ole wako uiguse. Mzee alikuwa na ugonjwa wa Olimpiki, nadhani aliupata kwenye magazeti ya Kifaransa aliyokuwa akifungia nguo za wateja. Alikuwa anakata suruali huku anahadithia.

Kwamba Wagiriki wa kale walikuwa wakikutana Olimpia kila baada ya miaka minne. Kwamba walikuwa wakisimamisha ugomvi ili watu wasafiri salama. Kwamba mfalme wa Kirumi akaja kupiga marufuku mambo ya miungu yao, na michezo nayo ikafa. Ikalala miaka elfu moja na mia tano, mpaka Mfaransa mmoja mwenye masharubu akasema haiwezekani, akaifufua, Athene, mwaka 1896.

"Miaka elfu na mia tano," Mzee alikuwa akirudia, mkasi juu. "Sisi yetu imelala miaka ishirini tu. Tunashindwa nini?"

Yetu ni ipi? Hapo nilimwelewa baadaye. Zamani, ujana wake, vijana wa Biryogo walikuwa na mbio zao. Wanaanzia bondeni Nyabugogo, wanapanda Muhima, wanapita mjini, wanamalizia mtaani kwetu. Njia karibu yote ni mlima. Zikafa tu, hakuna aliyezikataza.

Mzee akaamua kuzifufua. Jumapili ya mwisho ya Barcelona, wakimbie kule, na sisi tukimbie huku. Akaenda kwa konseye, yaani kiongozi wa sekta, akapewa ruhusa kwa sharti moja: adhuhuri isiwakute barabarani.

Mtaa ukachangamka, wakuu. Wanaume ambao walikuwa wanashinda wamenuna sasa wanabishana nani alikuwa na mbio darasa la saba. Yusufu, mume wangu, ambaye kwenda dukani tu alikuwa anatafuta baiskeli ya kuazima, naye akajiandikisha.

Mimi shuleni Ujiji nilikuwa nakimbia. Siyo kwa kubahatisha, nilikuwa mkimbiaji. Basi jioni moja nikamwambia Mzee, kwa heshima zote, "Baba, na wanawake je?"

Akaweka mkasi chini.

"Mkwe wangu, hili si langu. Wagiriki hawakuwataka. Mke wa mtu hata kutazama alikatazwa. Na Mfaransa aliyeifufua naye hakuwataka. Ile ya kwanza, Athene, hapakuwa na mwanamke hata mmoja."

"Lakini walikuja kuingia, Baba."

"Waliingia baadaye, tena kwa kuonewa huruma. Mimi nafufua, sianzishi."

Mama Yusufu alikuwa pembeni anachambua maharage. Akauliza taratibu, "Hao Wagiriki wa zamani, wakati wa kukimbia walikuwa wanavaa nini?"

Yusufu akainamia cherehani. Mimi sikujua, na niliona tu masikio ya Mzee yanabadilika rangi.

"Kule kuna joto," Mzee akasema.

"Nauliza walivaa nini."

"Hawakuvaa."

"Aa," akasema Mama Yusufu, akarudi kwenye maharage. "Basi kumbe si kila kitu unafufua."

Mzee akachukua mkasi wake tena. Lakini ruhusa hakutoa.

Nilikuwa na rafiki, Spesiyoza, Mkatoliki, alikuwa karani kwenye duka la vipuri Muhima. Tulijuana kwa sababu nilimshonea sare. Nilipomweleza, alisema, "Mimi iko tayari. Hata kesho." Yeye alikuwa amekimbilia shule yake mpaka ngazi ya mkoa. Akaleta wenzake wawili wa kanisani, mimi nikaleta jirani zangu, tukawa kikundi. Tukaanza kufanya mazoezi asubuhi kabla ya kazi, mlimani Nyamirambo, tumejifunga khanga juu ya magauni. Khanga ilikuwa inatufunguka njia nzima. Unakimbia hatua tano, unasimama unajifunga.

Nikasema hapana, lazima nishone kitu. Kitu cha heshima, lakini cha kukimbilia. Suruali pana yenye mpira kiunoni na kifundoni, juu yake gauni fupi la mikono mirefu. Nikakata vipande, nikashona ya kwanza, nikaificha chini ya meza.

Mzee akaiona.

Nilijua leo nimepatikana. Aliikunjua mezani, akaitazama mbele, akaigeuza, akavuta mguu mmoja huku na mwingine kule.

"Nani kakata huu msamba?"

"Mimi, Baba."

"Mtu akipiga hatua mbili inachanika. Aibu itakuwa ya nani? Watasema imeshonwa kwa Hamadi."

Akafumua. Wakuu, yule mzee alifumua suruali yangu yote, akakata upya, akaweka kipande cha ziada katikati, akashona mishono miwili miwili. Kisha akanyoosha mkono, hajanitazama. "Lete nyingine."

Nikampa zote. Nikadhani tumeshinda. Akasema, "Nashona tu. Sijaruhusu."

Alipofika kwenye moja kubwa kuliko zote, akasimama. Akaipima kwa kiganja kiunoni, akapima paja. Mimi nilikuwa nimeelekezwa na mwenyewe nisiseme ni ya nani. Lakini mtu aliyemshonea mkewe nguo kwa zaidi ya miaka thelathini utamdanganya nini?

Alikaa nayo muda. Halafu akaongeza nafasi kwenye goti la kushoto.

"Huyu," akasema, "asikimbie. Atembee. Mteremko asiukazie mguu."

Akaikunja, akaiweka juu ya zile nyingine.

Jumamosi asubuhi, siku moja kabla, redio ikatangaza habari za Barcelona za jana yake. Mita elfu kumi, wanawake, imechukuliwa na binti wa Ethiopia. Mtangazaji akasema Mwafrika mweusi mwanamke hajawahi kuchukua dhahabu ya Olimpiki kabla yake. Wa pili ni Mzungu wa Afrika Kusini, nchi iliyokuwa imefungiwa miaka mingi na ndiyo kwanza imerudishwa. Akasema baada ya kumaliza wale wawili walishikana mikono wakazunguka uwanja pamoja.

Cherehani zote barazani zilikuwa zimesimama.

Mzee alizima redio, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya katikati ya habari. Akakaa. Mwisho akasema, kama mtu anayepanga kazi za siku, "Bon, haya. Wanaume wataanza. Wanawake watafuata nyuma yao kidogo. Na msichelewe kufika."

Jumapili tulishuka Nyabugogo asubuhi. Wanaume wakaondoka kwa kelele kubwa, Yusufu akiwa mbele kabisa. Kumbukeni hilo la mbele, maana nilimpita Muhima amekaa kwenye ngazi za duka, anasema anafunga kamba za viatu.

Sisi tulikuwa wanawake kumi na kitu. Mama Yusufu alisimama mstarini na suruali yake, ushungi safi, chupa ya maji mkononi. Wasichana wakamcheka kidogo. Akawaambia, "Endeni tu, mimi nitawakuta."

Mlima wa Muhima siwezi kuuelezea. Ni kama mtu amekuwekea ukuta na kukuambia kimbia. Mimi na Spesiyoza tulikuwa mbele, bega kwa bega, hatuongei.

Juu kidogo kulikuwa na bariyeri. Askari akanyoosha mkono. Konseye alisema wameambiwa, lakini huyu sijui kama aliambiwa, au aliona tu wanawake wamevaa suruali wanakuja mbio akaona si jambo la kawaida.

"Vitambulisho."

Hatukuwa navyo. Nani anakimbia na kitambulisho? Nilimtazama Spesiyoza, uso wake ulikuwa umebadilika. Kwake yeye swali lile lilikuwa na uzito ambao kwangu mgeni halikuwa nao. Mnaoijua Rwanda ya wakati ule na vitambulisho vyake vilivyoandikwa kabila la mtu mnanielewa.

Askari akauliza, "Mnamkimbia nani?"

Spesiyoza akavuta pumzi. "Hatumkimbii mtu. Tunakimbizana wenyewe. Ni Olimpiki."

Yule askari alitutazama juu mpaka chini. Nyuma yetu wengine walikuwa wanafika, wanahema, jasho linatiririka. Halafu akaanza kucheka. Akamwita mwenzake aje aone. Akasema kwa Kinyarwanda twende, tena haraka, kwa sababu yule mnene wa nyuma anatukaribia.

Tukaondoka. Nadhani hofu ilimpa Spesiyoza miguu mingine, maana kuanzia pale sikumwona tena ila mgongo. Alishinda. Mimi nilikuwa wa nne, na nilipovuka kamba nilitapika mbele ya mashemeji zangu wote. Sijutii.

Mtaa ulikuwa umejaa. Chai, mandazi, watoto, mtu ameleta ngoma. Sijawahi kuona Biryogo ikicheka vile tangu niolewe. Spesiyoza walimbeba.

Jua likapanda. Watu wakaanza kuangalia saa, kwa sababu ya sharti la konseye. Mzee Hamadi alikuwa bado amesimama barabarani ameshika ncha moja ya kamba ya kumalizia, ncha nyingine kaifunga kwenye mti wa umeme.

Mtu akamwambia, "Mzee, tufunge. Wamekwisha fika."

"Bado."

"Amebaki nani?"

"Nimesema bado."

Yusufu akataka kwenda kumfuata mama yake kwa baiskeli. Mzee akamkatalia. "Ukimpandisha baiskeli atakuwa hakumaliza."

Tukangoja. Ngoma ikanyamaza yenyewe.

Kisha tukamwona kwenye kona. Anatembea polepole, mguu wa kushoto anauburuta kidogo, mkononi ana nanasi. Alituambia baadaye kwamba mjini alikutana na mtu wanayefahamiana, wakasalimiana, akapewa zawadi, angekataaje? Askari wa bariyeri walikuwa wamempa kiti apumzike.

Mzee akainua kamba, akaikaza vizuri.

Mama Yusufu alipofika akasimama hatua moja kabla ya kuigusa. Akageuka kutazama njia aliyotoka.

"Kumbe ndefu hivi," akasema. "Na ninyi mlikuwa mnaikimbia yote?"

"Tulikuwa vijana," Mzee akajibu.

"Na mimi nilikuwa kijana, Hamadi. Sikuambiwa tu."

Akaikata kamba kwa tumbo lake, akapita.

Mzee alimpokea nanasi, akampa bega, akamwongoza mpaka kwenye kiti chake mwenyewe cha cherehani, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Ndipo akatangaza kwa sauti kubwa kwamba mashindano yamekwisha, kwa kuwa mtu wa mwisho amefika.

Mwaka uliofuata tulikimbia tena, wanawake tukawa wengi kuliko wanaume, Mzee akawa analalamika kwamba wanaume wanamchelewesha.

Ya 1994 mnayajua. Sitayaeleza kwenye uzi huu, ila siwezi kuruka jina moja: Spesiyoza aliuawa mwaka ule. Wakwe zangu tulivuka nao mpaka Ujiji, wakazikwa huko kwa uzee, miaka mingi baadaye, Mzee akitangulia, Mama Yusufu akifuata.

Nilichojifunza ni hiki. Mzee alidhani kufufua kitu ni kukirudisha kama kilivyokuwa. Olimpiki yenyewe haikufanya hivyo, kila ilipoamka iliamka kubwa kidogo kuliko ilivyolala, kwa sababu kuna watu waliokuwa nje waliokataa kuendelea kukaa nje. Si huruma ya mtu.

Miaka ya karibuni nilipita Kigali. Siku hizi Jumapili fulani wanafunga barabara magari yasipite, watu wanakimbia. Wanawake ni wengi mno, wengine na watoto mgongoni, na hakuna anayegeuka kuwashangaa.

Wenye mbio za mtaa wenu, zilizokufa au zilizofufuliwa, wekeni hapa tusome. Na yule mkuu wa jukwaa la michezo, wewe ndiye nakusubiri kwanza.