Mguu Wangu na Baiskeli Isiyo na Friwili

Ndugu msomaji, mguu ninaousimulia hapa ni wa kulia, na ninapoandika haya nimeuweka juu ya kigoda, unauma kidogo kwa sababu ya baridi. Nasema mapema kwamba bado ninao, ili usihangaike sana njiani. Mimi nilishahangaika kwa niaba yetu sote.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita. Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni Uganda, nafundisha Njombe, na nilijiona mtu aliyevimaliza vitabu vyote. Afya yangu ilikuwa ya kuwachosha wengine. Kila Jumamosi nilipanda baiskeli kwenda kumwona mama, aliyeishi karibu na Makambako. Ilikuwa baiskeli ya mbio, ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo, niliyoinunua kwa mwanafunzi mwenzangu. Safari ilichukua asubuhi nzima.

Mwezi wa saba ukungu wa kwetu hulala juu ya miwati, miti inayopandwa kwa ajili ya magome yake, mpaka saa nne. Ndani yake mtu huendesha kama aliye usingizini. Huoni ulikotoka, huoni uendako. Unasikia cheni ikinong'ona na, mara mojamoja, kengele ya mchuuzi wa ulanzi, pombe ya mianzi, anayekuja upande wa pili, kisha anapita, kisha ni kama hakuwahi kuwepo. Miteremko ni mirefu, nasi sote tuliishuka kwa mtindo mmoja. Unaacha kupiga pedeli, friwili, ile gia ya nyuma inayoliacha gurudumu lizunguke peke yake, inalia tiki-tiki-tiki, unaingiza mkono mmoja kwapani upate joto, na ukitaka kupunguza mwendo unabandika soli ya kiatu juu ya tairi la mbele. Breki tulikuwa nazo. Lakini mpira wake ulikuwa adimu, kwa hiyo tulizitunza kwa kutozitumia.

Kisha rafiki akanitumia jarida la Kiingereza la waendesha baiskeli. Ndani yake kulikuwa na picha ya vijana wembamba juu ya baiskeli zisizo na friwili wala breki. Gurudumu la nyuma na pedeli vimefungana: gurudumu likizunguka, miguu inazunguka, upende usipende. Ukitaka kupunguza mwendo unazizuia pedeli kwa miguu. Maelezo yalisema mpandaji na baiskeli huwa kitu kimoja. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu. Mimi, ambaye sikuweza kuwa kitu kimoja hata na darasa la tano, nilitamani sana.

Nikaagiza gia kwa posta kutoka Nairobi. Katika orodha ya duka, chini ya gia, palikuwa na nati yake ya kufungia, inauzwa peke yake. Niliona ni urembo, sikuiagiza.

Fundi wangu alikuwa Mgaya, askari mstaafu aliyetengeneza baiskeli chini ya upenu pale mtaa wa Ramadhani. Aliigeuza ile gia mkononi kwa muda mrefu.

"Mwalimu, nati yake iko wapi?"

"Haina haja."

"Ina haja. Tazama nyuzi hizi. Ukipiga pedeli kwenda mbele, gia inajikaza. Ukizuia kwa miguu, inajifungua. Nati ndiyo inaishika isifunguke."

"Basi ikaze kwa nguvu zako zote."

"Nitaikaza. Lakini breki nakuachia."

"Toa, Fundi. Zinaongeza uzito."

Akakitazama kitambi changu kichanga, kwa heshima. "Uzito ndio uko kwenye breki, Mwalimu?"

Vijana waliokuwa wakingojea pampu walicheka. Nikamfungulia jarida, nikamtafsiria kile kipande cha kuwa kitu kimoja. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua breki, akaziweka kwenye kopo, akasema, "Nazihifadhi. Utazifuata."

Jumamosi ile niliondoka kabla ukungu haujainuka. Sitasema uongo: kwa saa nzima ilikuwa raha nisiyowahi kuipata. Miguu ilizunguka yenyewe. Miwati ilielea pande zote mbili. Nilisahau kama nina mwili, na nadhani nilisahau pia kama nina akili, maana nilipofika mteremko mrefu wa kwanza nilifanya tulichofanya wote siku zote. Niliacha kupiga pedeli.

Pedeli haikuacha. Ilinirusha juu, nikarudi kitini kwa kishindo. Nikakumbuka nipo juu ya nini, nikaikanyaga kwa nguvu kuizuia, kama jarida lilivyoagiza. Nikasikia gia inalegea, ikatoka kabisa kwenye nyuzi zake. Mara pedeli zikawa nyepesi, zinazunguka bure mbele na nyuma, na baiskeli ikaanza kukimbia ndani ya ule weupe bila kunihusisha.

Nilifanya jambo lililobaki. Nilibandika kiatu juu ya tairi la mbele. Lakini baiskeli ile ilikuwa nyembamba, nami nilivaa viatu vya ngozi vya kufungia kamba, vya chuoni. Kamba ikanaswa kwenye spoku, mguu ukavutwa kati ya gurudumu na foku, ule uma wa chuma wa mbele, na kila kitu kikasimama isipokuwa mimi.

Nilipofumbua macho nilikuwa mtaroni. Hapakuwa na maumivu bado. Nilitazama muundi wangu nikaona kitu cheupe kimetokeza kwenye soksi, nikawaza kwa utulivu kabisa kwamba ni kijiti cha mwati. Kilikuwa mfupa. Lori la magome ya miwati lilinikuta hapo. Utingo, aliyenifahamu, alinilaza juu ya magome, akanikunjia kofia yake chini ya kichwa.

"Usitazame chini, Mwalimu. Tazama juu."

"Juu hakuna kitu, ni ukungu."

"Basi tazama huo huo."

Hospitali ya misheni ilinipokea mchana. Daktari alikuwa Mzungu mzee wa Kiswahili cha polepole. Aliosha kidonda, akatoa kokoto na nyuzi za soksi, akaurudisha mfupa ndani huku wauguzi wawili wamenilalia kifuani. Kisha mguu ukatundikwa kwa kamba, na mfuko wa mchanga ukauvuta. "Mfupa utaunga," alisema. "Naogopa uchafu."

Siku ya tatu uchafu ulijibu. Mguu ulivimba ukang'aa kama kiazi kilichooshwa. Usaha ulitoka wa kijani, na harufu yake ilimfanya jirani yangu wa kitanda ageukie ukuta. Homa ilipanda. Daktari alichukua kalamu ya wino wa zambarau, akachora mstari chini ya goti, vidole vitatu juu ya pale wekundu ulipoishia.

Mama alikuwa amekwisha fika, kwa miguu, na kikapu chake. Daktari akamweleza.

"Mama, wekundu huu ukipita mstari nitaukata mguu hapa, juu ya goti. Nikichelewa, atakufa. Naomba ruhusa yako."

"Usipopita?"

"Utabaki naye mzima."

"Basi ngoja upite ndipo uniombe," mama alisema, akavuta kigoda, akakaa akiutazama mstari. Hakujua kusoma. Mstari ule aliusoma siku nne.

Nilipigwa sindano za penisilini mpaka makalio yakakosa nafasi. Lakini hatari nyingine nilijitengenezea mwenyewe. Ndani ya homa nilikuwa bado nashuka. Mteremko haukuwa na mwisho, pedeli zilizunguka, na kwa kuwa miguu yangu ilikuwa imefungwa kwenye pedeli, ilizunguka nayo. Pale kitandani niliirusha, ule mzima na ule uliovunjika. Kamba zilipiga kelele. Walinifunga kwa shuka, nikayakata mafundo.

"Akiendelea hivi," daktari alimwambia mama, "mfupa utachoma nyama upya, na sindano hazitafaa kitu. Lazima atulie."

Haya yanayofuata nilisimuliwa, lakini mimi pia niliyaona, kwa upande wangu. Nilikuwa nashuka ndani ya weupe nikasikia sauti ya mama karibu na sikio, kwa Kibena, bila haraka.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Nateremka, mama. Haina breki."

Mama hakuniambia simama, wala hakuniambia ninaota. Barabara ya Njombe alikuwa ameitembea maisha yake yote, na kikapu kichwani, na kila mlima wake aliujua kwa magoti.

"Mteremko umekwisha," alisema. "Umevuka mto. Sasa ni kilima kile cha udongo mwekundu. Unapanda."

Nikahisi baiskeli inakuwa nzito.

"Panda polepole. Ni kirefu hicho. Mimi huwa napumzika mara mbili."

Nikapanda. Pedeli zilikwenda kwa shida, kisha kwa shida zaidi. Jasho lilinitoka mpaka godoro likalowa. Nikamwambia siwezi tena, naye akasema, "Basi shuka uisukume, kila mtu husukuma hapo." Nikashuka. Miguu ikatulia.

Alfajiri wekundu ulikuwa upana wa kidole kutoka kwenye mstari. Haukuvuka. Kila homa iliporudi, mama alinipa kilima kingine. Siku ya nne ya mstari wekundu ulishuka, ngozi ikaanza kukunjamana, na muuguzi akaniletea uji, nikaumaliza, nikaomba wa pili. Daktari aliuliza mama alinipa dawa gani ya kienyeji. "Sikumpa kitu," alisema. "Nilimpandisha milima."

Fundi Mgaya alikuja kunisalimu na lile jarida, nililolisahau kwake. Nilikuwa na muda sasa, nikafunua ukurasa wa pili. Palikuwa pameandikwa wazi kwamba vijana wale hukimbia ndani ya uwanja wa duara, wa mbao, usio na kilima wala ng'ombe, na kwamba barabarani mtu asithubutu bila breki ya mbele na nati ya kufungia. Nilimtafsiria. Hakucheka. Alisema, "Jarida zuri hilo," nami sijapata kuadhibiwa kwa upole zaidi ya ule.

Kwa hiyo nawaomba, hasa ninyi mliosoma. Kama lazima utoe friwili, ufunge nati ya ile gia. Ubaki na breki ya mbele, na uijaribu kabla ya mteremko. Kamba za viatu zichomeke ndani, mguu usiupeleke kwenye tairi, na cheni iwe imekaza, isiruke. Fundi akikuambia kitu, hata kama hajui Kiingereza, mwache amalize, halafu ufanye alivyosema. Na wewe unayelala hospitali ukisoma haya, mguu wako umechorewa mstari: usikate tamaa kabla wino haujapitwa.

Namshukuru Mungu, na daktari yule, na utingo wa kofia. Mama namshukuru kwa namna nisiyoweza kuiandika. Miezi mitatu baadaye nilisimamishwa kwa magongo, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Ua wa hospitali uliteremka kidogo kuelekea bustani ya kabichi. Nilikwenda hatua kumi, kumi na mbili, mteremko ukaanza kunivuta, daktari akasema nyuma yangu, "Simama hapo."

Nikasimama.

Nilibaki nimesimama muda mrefu, katikati ya mteremko, nikilia, mpaka mama akaja akaniuliza kama mguu unauma.

"Hauumi," nikamwambia. "Niache kidogo."