Zizi Mdomoni mwa Precious

Milembe alikuwa anapepeta mchele wa kupeleka sokoni Bariadi aliposikia mjukuu wake anaita ng'ombe pale kwenye ndoo ya maji.

"Mweusi wa pembe moja, ingia. Kijivu, ingia. Mabaka asiye na mkia, wa kwa Luhende, ingia unywe maji."

Ungo ulisimama hewani. Precious, mtoto wa miaka minne, alikuwa amechuchumaa, mswaki mdomoni, povu limefika kidevuni, anasugua jino la nyuma kama aliyetumwa na wakubwa. Mwezi uliopita mtoto huyu huyu alikuwa akiona mswaki anakimbilia chooni na kujifungia. Bibi alikuwa akimkamata kidevu kama anayemnywesha ndama dawa, naye anaung'ata mpaka nywele za mswaki zinalala. Jino moja lilishakuwa jeusi kwa pipi. Sasa anaamka mwenyewe na kuomba dawa ya meno.

Milembe alikuwa ameliona badiliko hilo na lilimkera kidogo, maana hakuwa mtu wa kuamini kitu kilichokuja bila kupatana bei. Leo ndipo alipojua bei yake ni nini.

Mabaka alikuwa ng'ombe wa siri. Milembe alimnunua yeye na wenzake kwa biashara yake ya mchele na dagaa, miaka baada ya mumewe kufa, akawagawa kwa watu wa kumchungia, Luhende akiwa mmoja wao, ili asiwepo mtu wa kujua wako wapi wote. Wasukuma wengi wenye akili hufanya hivyo. Mali iliyo sehemu moja inaonekana, na mali inayoonekana ina madai. Kwake madai yalikuwa na jina: Mashimba, mdogo wa marehemu, anayekaa Mwandoya, ambaye kila msiba na kila harusi hukumbusha kwamba mali ya kaka yake ni mali ya ukoo. Wale ng'ombe Milembe alikuwa amewaweka kwa ajili ya Precious. Mashimba akiwajua, ni kikao cha ukoo, na kikao hicho mjane hakishindi.

"Nani amekufundisha kuita ng'ombe wakati wa kupiga mswaki?"

"Mwalimu Domitila. Kila jino ni ng'ombe. Ukimruka mmoja analala na kiu."

"Na ng'ombe wa kwa Luhende ulimtajia mwalimu?"

"Amesema tutaje wa kwetu," akajibu Precious, akatema povu.

Milembe alijilaumu kwa kumchukua mtoto siku ile alipokwenda kwa Luhende. Alidhani mtoto wa umri huo anaangalia vipepeo.

Domitila alikuwa binti aliyekodi nyumba nyuma ya stendi, analea watoto wa wafanyabiashara mchana. Milembe akaenda na mfuko wa dagaa, ili aonekane amekuja kuuza. Wakaamkiana kwa Kisukuma, mwangaluka, akapewa kigoda, akakaa akitazama. Watoto walikuwa wamemaliza uji, wamejipanga ukutani kila mmoja na mswaki wake, wanapiga miluzi ya kuchunga na kuita madume na mitamba kwa rangi zao. Joakim, mtoto wa dereva bodaboda ambaye kwao hata kuku hakuna, alikuwa anaingiza pikipiki gereji, moja moja, na kuziosha. Wenzake walimcheka kwamba pikipiki hainywi maji. Akawajibu kwamba ng'ombe hana breki.

"Mayu, mama yangu, watoto wa huku ukiwaambia meno, wanafunga mdomo," Domitila akaeleza. "Ukiwaambia ng'ombe wana kiu, wanafungua wenyewe."

"Na majina yote hayo unayakumbuka?"

"Nayakumbuka. Ukikosea jina la ng'ombe wa mtu, anasusa."

Alisema akicheka. Milembe hakucheka. Binti huyu alikuwa na mazizi ya nusu ya mji kichwani, na mtu mwenye hesabu kama hiyo akikutana na mwizi wa mifugo, au shemeji, habari inahama. Akamuuliza kwao ni wapi, kama anayeuliza bei ya vitunguu. Domitila akasema ni Mwandoya.

Milembe hakumshutumu. Ukimshutumu mtu usiyemjua, unamwambia kitu ambacho pengine hakujua kina thamani. Badala yake akapendekeza mchezo mwingine: meno yawe dagaa, mswaki uwe wa kutoa mchanga. Domitila akajaribu ili amridhishe. Watoto wakafunga midomo. Precious nyumbani akasusa kabisa, na lile jino jeusi likaanza kumliza wakati wa kula. Hapo Milembe akaona kwamba ng'ombe hawana budi kubaki. Swali likawa ni ng'ombe wa nani.

Siku hiyo hiyo Mashimba akapiga simu. Anakuja Bariadi kwa shughuli za pamba, atalala kwa shemeji. Kabla ya kukata akasema, kama utani, kwamba anasikia mtoto wao siku hizi anachunga mdomoni.

Milembe akakaa na simu mkononi. Nani kamwambia? Domitila? Mzazi mwingine? Precious mwenyewe, maana anapenda kuongea na kila anayepiga? Kuuliza kungekuwa kukiri. Akamwita mtoto, akamwambia ng'ombe wa zamani wamehamishwa malisho, wamekuja wapya, na hawa wapya wana masharti: ukiwachanganya na wa zamani wanapigana. Precious akaelewa. Jioni yote akawa anawajaribu kwenye meno, mswaki mkavu.

Mashimba alifika akala, akasifu mchele, akalala. Asubuhi akaburuta kigoda mpaka karibu na ndoo kabla hata ya kunawa uso.

"Haya mjukuu, tuone mifugo ya bibi."

Precious akafungua mdomo.

"Dume la kwa babu Mashimba, ingia. Mtamba wa kwa babu Mashimba, ingia." Mashimba akacheka, akamgeukia shemeji. Mtoto akahamia nyuma, kwenye lile jino baya, akasugua polepole. "Jike jekundu lenye jicho jeupe, la kwa mama Elizabeth kule Mkula, ingia unywe maji."

Mashimba akaacha kucheka. Jike hilo lilitoka kwenye mahari ya binti wa ukoo, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia wakubwa wa ukoo kwamba limekufa kwa ugonjwa. Walimpa pole, kumbe alilificha Mkula. Lakini wanaoleta dagaa Bariadi hupita Mkula, wana macho, na Milembe ananunua kwao.

"Watoto husema mambo mengi, shemeji," Mashimba akasema mwishowe.

"Husema," akajibu Milembe, akimkorogea chai. "Ndiyo maana watu wazima hawayapeleki kwenye vikao. Ya mtoto huyu, na ya mtoto yeyote."

Akamtazama mpaka Mashimba akaitikia kwa kichwa. Akanywa chai akiwa amesimama, akasema pamba haimsubiri mtu, akaondoka. Suala la mali ya marehemu hakuligusa.

Precious alikuwa bado anasuuza. Milembe akampanua midomo kwa vidole, akachungulia. Safi. Akamvalisha, akampeleka kwa Domitila kama kawaida, maana anayejua kumsafisha mtoto meno hapatikani kila kona, hata kama ulimi wake huujui. Akampa dagaa wa bure safari hii, akamwomba Precious aachiwe hao hao ng'ombe wapya.

Kisha akasogea pembeni ya stendi, akampigia Luhende. Akamwambia Mabaka ahame leo, jua lisizame yuko pale. Luhende akauliza ampeleke kwa nani.

"Anza safari," Milembe akasema. "Nitakwambia ukiwa njiani."