Mabati Manne Kuzunguka Ubwari

Mwaka uliopita msichana mmoja mgeni, amevaa jile, kile kizibao cha shirika, alisimama kwenye mchanga wa Baraka akaangalia milima ya Ubwari ziwani, ng'ambo ya ghuba. Akaniambia, "Mama, ile ni kama kisiwa. Siku moja nitaizunguka yote polepole, nikilala njiani."

Nikamwambia inazungukwa. Mimi niliizunguka peke yangu wakati wa vita, ndani ya nyumba yangu. Akacheka, akafikiri ni mzaha.

Ubwari si kisiwa kamili. Kusini imeshikamana na nchi kavu, na mtu wa miguu anaweza kupanda mlima na kushukia upande wa pili. Ukumbuke hilo, maana mimi sikutaka kulikumbuka.

Shule niliacha darasa la tatu, basi naandika jinsi ninavyosema. Mume wangu alikufa kabla ya vita akaniachia mtumbwi mpana wa mbao. Nilikaa na mama yangu mzazi. Siku risasi zilipofika Baraka mimi nilikuwa Lubondja, huko juu milimani, navuna mihogo. Nilijificha porini siku tano, ndipo nikashuka. Nyumba ilikuwa tupu, mlango umeshachukuliwa, mama hayupo.

Kwenye mchanga nikamkuta kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Jina sitaandika, lakini Baraka wanamjua: ndiye aliyekuwa na mtumbwi wa moteri. Alikuwa amerudi kuchukua milango ya nyumba yake.

"Shemeji, usilie," akasema. "Mama yako nilimuvusha mi mwenyewe. Iko kule ngambo ya Ubwari, upande ya maji makubwa. Iko nakula ndagala kila siku."

"Kijiji gani?"

"Nilishusha batu wengi. We uliza tu, batakuonyesha."

Nilimshukuru. Nilimsaidia hata kupakia ile milango.

Wenye bunduki walikuwa wanafungua paa za watu na kuondoka nazo. Nikaona heri nifungue yangu mwenyewe. Mabati manne niliyafunga juu ya mtumbwi kwa fito na kamba, mengine nikayafukia kwenye shamba la mihogo. Ndani nikatandika mkeka, nikaweka sufuria na mbabula, jiko langu la makaa, na makaa kidogo. Nikapiga kasia.

Ndani ya ghuba ilikuwa nzuri, sikatai. Milima imeshuka kijani mpaka majini, na maji yenyewe unaona mawe chini. Kila kijiji nilisimama. Bamama waliokuwa wanaanika ndagala, dagaa za ziwa letu, walinicheka kwanza.

"We mama, duka yako inafunguka saa ngapi?"

"Na ukipata bwana, atalala ku paa?"

"Bwana atalipa kodi kama mupangaji," nikajibu, tukacheka wote. Kisha nikauliza kama wamemwona bibi mfupi, mwenye kovu kidevuni, aliyeletwa na mtumbwi wa moteri. Kicheko kikaisha. Waliitana, waliulizana, wakanipa ndagala za njiani. Bibi huyo hawakumwona.

Kwenye ncha ya kaskazini upepo ulishika mabati ukanirudisha nyuma kila nilipojaribu kukata kona. Siku mbili nilikwama pale. Mvuvi mmoja mzee akaniambia, "Tupa ile mabati, mama. Mutumbwi yenyewe haina kosa."

"Ni nyumba yangu, baba."

"Basi uiambie ikusaidie kupiga kasia."

Sikutupa. Nilingoja upepo ulale, nikapita.

Upande wa maji makubwa, nje ya ghuba, nilimaliza siku nne nikiuliza. Ya tano nikamkuta jirani yetu wa Baraka anapika juu ya mawe matatu. Yeye alikuwa ndani ya ule mtumbwi wa moteri.

"Mama yako?" Akaepua sufuria. "Kumbe hakukuambia. Muguu moja ilikuwa tayari ndani. Shemeji yako akamuambia ashuke, mashine ya kushona inakosa nafasi. Ile mashine balifunika na blanketi vizuri. Mama yako akabaki ku muchanga na kikapo yake. Nilimuona anafuata batu ku barabara ya Fizi."

Sasa hapo. Kutoka kwenye yale mawe yake matatu mpaka Baraka, kwa miguu, kupanda na kushuka, ni siku moja. Kwa maji, kuzunguka tena ile ncha, siku tano, na upepo ukitaka, sita. Jirani alinishauri nipite mlimani. Nilimwambia mlimani kuna wenye bunduki, na ni kweli walikuwepo. Lakini sababu yangu haikuwa hiyo. Niliogopa kuacha mabati yangu kwenye mchanga wa watu. Nikarudi kwa maji. Ilichukua siku sita, mvua ikipiga mabati juu ya kichwa changu, mimi nikiwa mkavu.

Mama nilimkuta ndani ya nyumba yetu, kwenye pembe ya ukuta, amejifunika majani ya migomba. Alikuwa amerudi kutoka njia ya Fizi siku nyingi, akakaa hapo kwa sababu alijua nitarudi hapo. Mwili ulikuwa moto, kifua kinakoroma. Mzee wa nyumba ya nyuma akaniambia, "Mupaka juzi alikuwa bado anajipikia."

Mama akafungua macho akatazama juu, kisha akaniangalia.

"Nyumba ulipeleka wapi?"

Niliyafungua mabati mtumbwini siku hiyo hiyo nikayarudisha juu yake. Alikaa chini yake siku tatu akafa.

Kaka wa mume wangu siku hizi anakaa kiti cha mbele kanisani. Mara moja nilimwomba aseme mbele ya ukoo wapi alimshusha mama yangu. Akajibu taratibu, watu wote wanasikia, "Shemeji, ile ilikuwa vita. Na paa ya nyumba yako, ni mi niliitoa?"

Anajua pa kupiga. Dhambi ya kwangu nimeiandika hapa, sikuficha. Ya kwake hajaisema mpaka leo. Mashine ile iko barazani kwake, mke wake anashona nayo sare za watoto wa shule, na nikienda sokoni lazima nipite pale.