Kamati ya Jino Langu

"Mama Kendi, kwani kwenu kanisani kucheka ni dhambi?"

Cicily, jirani yangu, aliniuliza hivyo akiwa ameegemea ua, mwiko wa ugali mkononi.

Sikujua swali hilo lingefanya nusu ya watu wa Ruiri, mji wetu, wawe na hisa ndani ya mdomo wangu. Wala sikujua mzee wa kanisa angezunguka soko na jino langu mfukoni mwa koti.

Msinicheke. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na Mungu wangu anajua sijaongeza chumvi.

Nilikuwa na pengo. Jino la juu, la mbele kabisa, mahali ambapo kila mtu anaangalia.

Lilitoka siku tulipomzika Baba Kendi. Nilikuwa nimeletewa githeri, mahindi na maharagwe, nikauma kijiwe. Jino likasema kaa! Nikalia kwa uchungu. Wamama wakaniona, wakasema, "Mwacheni alie, alimpenda sana."

Ni kweli nilimpenda. Lakini hapo nilikuwa nalilia jino.

Tangu siku hiyo nikajifunza kufunika mdomo kwa mkono. Nikicheka, mkono. Nikiimba, mkono. Hata nikiuza kabichi kule soko la Gakoromone, mkono mmoja kwa kabichi, mwingine kwa mdomo.

Cicily nilimwambia ukweli wote pale uani. Kendi, msichana wangu wa pekee, alikuwa anaolewa Karurumo, kule Embu, na alikuwa ameniomba kitu kimoja tu.

"Mami, kwa picha za harusi usifunike mdomo. Zile za graduation unakaa kama mtu amenusa choo."

Kitu kimoja tu. Na mimi sikuwa na jino la kumpa.

Cicily akaweka mwiko chini. "Hiyo ni kazi ya kamati," akasema.

Nilijaribu kumzuia. Lakini nyinyi mnaujua mji wetu. Mtu hapa hawezi kununua hata kitanda bila mwenyekiti na mweka hazina.

Kufika jioni kulikuwa na kikundi kwa WhatsApp. Jina lake: JINO LA MAMA KENDI. Cicily mweka hazina. Mwenyekiti, Mzee Hezekiah, mzee wa kanisa letu, mtu aliyefiwa na mke, anayevaa koti hata jua likiwaka.

Kwenda kwa daktari wa meno kule Meru mjini, kamati ilienda yote. Tukajaa kwa kile chumba kama tumeenda kuona maiti.

Daktari, msichana mdogo wa heshima, akauliza, "Mgonjwa ni nani?"

"Ni sisi," akajibu Hezekiah.

Daktari akatuelezea polepole. Kuna jino la kufungwa na skuru kwa mfupa, hilo halitoki tena. Kuna daraja, linashikwa na meno ya pembeni. Na kuna lile la kutoa na kuweka, lina kibao chembamba cha plastiki kinachokaa juu, ndani ya mdomo.

"Pigia sisi hesabu kwa mifugo," akasema Mithika, mwenye bucha. "Hapo tutaelewa haraka."

Daktari akafikiria. "La skuru ni ng'ombe wa maziwa. Daraja ni ndama mkubwa. La kutoa, mbuzi, na labda kuku juu yake."



Cicily akanionea huruma. "Tumfanyie la skuru. Ni mjane, jamani. Tutachanga polepole."

"La kutoa linatosha," akasema Hezekiah. "Kwanza anaweza kulitoa akiwa analala, lisizeeke haraka. Na siku akiitwa na Bwana, tunampatia mwingine."

"Mzee, meno hayapitishwi hivyo," daktari akasema.

"Tutaona."

Kura ikapigwa. La kutoa likashinda. Mdomo ulikuwa wangu, lakini sikuombwa kuinua mkono.

Ikaja rangi. Daktari alikuwa na vijino vya kufananisha, akachagua kimoja cha hudhurungi kidogo, kwa sababu meno yetu huku ndivyo yalivyo, maji ya kisima yameyapaka.

Kamati ikakataa kabisa.

"Weka nyeupe pe!" akasema Mithika. "Mchango lazima uonekane."

Basi nikawekewa jino jeupe kama sinki mpya. Nikifungua mdomo, unaona meno ya kawaida, halafu taa.

Jumapili harambee ya kulipa deni la daktari ikafanywa baada ya ibada. Watu wakatoa mayai, ndizi, kila mtu kwa uwezo wake. Halafu Hezekiah akaingia kwa mlango mkubwa akivuta mbuzi jike, mweupe, amefungwa utepe mwekundu shingoni.

Watu wakapiga makofi. Mbuzi akapigwa mnada, Mithika akamchukua, na pesa yake ndiyo ililipa karibu jino lote.

Nikasimama mbele ya kanisa nikasema, "Asante, Mzee Hezekiah. Nimepokea. Mungu akuongezee."

Kumbukeni hayo maneno.

Taabu ilianza kesho yake. Nimeenda bucha kununua matumbo, Mithika akashika kisu hewani.

"Mama Kendi, cheka kwanza."

"Kwa nini?"

"Nione pesa yangu."

Nikacheka. Akaridhika, akapima.

Kila mahali ikawa hivyo. Kwa kinu cha unga: cheka. Kwa foleni ya maji: cheka. Mkono wangu ukipanda kwa mazoea, mtu ananipiga kiganja. "Toa mkono! Sisi hatukuchangia mkono!"

Tukaenda mazishi, mimi nimeinamisha kichwa kwa maombi, Cicily ananisukuma na kiwiko.

"Fungua kidogo. Wale wa kiti cha nyuma walichanga na hawajaona."

"Cicily, kuna mwili hapa!"

"Kidogo tu, mama. Kama unasema amina."

Nikasema amina kwa upana.

Nilivumilia. Nilijiambia, harusi itafika, Kendi atapata picha yake, watu watachoka.

Siku mbili kabla ya harusi, Hezekiah akaja kwangu. Hakuja peke yake. Alikuja na wazee wawili wenye fimbo, sukari, majani chai, na blanketi ndani ya karatasi ya duka.

Nikawapa chai. Nikakaa. Mimi ni mtu wa kuangalia kwanza.

"Mama Kendi," akaanza mzee mmoja, "tumekuja kufuata mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Huyo wa Hezekiah. Aliletwa mbele ya watu, jike, mweupe, mzima. Wewe ukasimama ukasema umepokea."

Kwetu, mnyama wa namna hiyo akiletwa kwa mwanamke na mashahidi wakiwepo, wazee hawaiti mchango. Wanaita mwanzo wa ruracio, mahari.

"Mzee Hezekiah," nikasema, "huyo mbuzi alikuwa wa jino."

"Ndiyo," akajibu, na uso wake ukalainika. "Na kila ukicheka, najua hapo mbele ni mimi."

Wueh!

Nikaangalia blanketi. Lilikuwa zuri, kusema ukweli. Nikafikiria picha za Kendi. Nikafikiria pia miaka yote iliyobaki, nikiamka kila asubuhi naambiwa na huyu, cheka kwanza.

Nikaomba kwa moyo, maneno machache tu. Kisha nikageukia ukuta, nikatoa jino, nikaliosha kwa maji ya moto, nikaliweka kwa kisahani, nikalisukuma mbele ya Hezekiah.

"Mzee, mbuzi wako huyo."

Wazee wakashtuka. Mmoja alimwaga chai.

"Unakataa mimi kwa sababu ya jino?"

"Nakurudishia. Cicily alitaka la skuru, wewe ukasema la kutoa linatosha. Mngeninunulia la skuru, leo singeweza kulitoa, ningekufuata nyumbani na skuru na yote. Umejiokolea pesa."

Akaangalia lile jino kwa muda. Halafu akatoa leso, akalifunga, akatia mfukoni.

"Basi utaenda harusini na pengo."

"Nitaenda."

Asubuhi Cicily aliniona, akapiga kelele kama ameona nyoka. "Jino letu liko wapi?"

"Kwa mwenyekiti."

"Analifanyia nini?"

"Muulize yeye."

Kikundi kikawaka moto. Mmoja anasema jino ni la kanisa, lirudi madhabahuni. Mwingine anataka thamani ya mayai yake. Mithika akatuma sauti: "Huyo mbuzi mimi nilimnunua! Pesa iliyolipa daktari ni yangu. Kwa haki, jino ni la bucha!"

Nikamjibu, "Mithika, na wewe pia umekuja kunioa?"

Akatoka kwa kikundi.

Lakini Hezekiah ndiye aliyeona cha mtema kuni. Akienda kwa kinyozi: "Mzee, cheka tuone jino letu." Akienda kununua gazeti: "Mwenyekiti, fungua." Mama mmoja wa ndizi alimshika mkono wa koti kabisa: "Mimi nilitoa mkungu mzima. Cheka!"

Jumamosi tukafika Karurumo. Kendi akaniona, akaona pengo. Nilidhani atalia.

"Mpige hivyo hivyo," akamwambia mpiga picha.

"Mama, cheka," yule kijana akasema.

Nikangoja mkono upande kwa mdomo. Haukupanda. Ulikuwa umepigwa viganja hadi ukasahau njia. Nikacheka hadi wakwe wa Embu wote wakacheka nami. Hiyo picha iko ukutani kwangu sasa, Kendi, Vincent mume wake, na pengo.

Wapendwa mnaosoma, sina masomo mengi ya kuwafundisha. Daktari atawaambia jino la kudumu ndilo bora, na hasemi uongo. Ukiwa na pesa yako, nunua hilo. Lakini ukinunuliwa na watu, chagua lile la kutoa.

Tulikuwa tunakata keki wakati Hezekiah alipoingia kwa hema. Koti, fimbo, jasho. Alitembea moja kwa moja hadi meza yangu, akatoa leso, akaifungua mbele ya wote, akaliweka jino kando ya sahani yangu. Lilikuwa limeoshwa.

"Mzee, kaa ule," nikamwambia, na nilikuwa namaanisha.

Akavuta kiti. Akashika mgongo wa kiti, akaanza kuinama.

Hapo ndipo Mithika alipopaza sauti kutoka meza ya nyuma, mdomo umejaa wali.

"Mwenyekiti! Cheka kwanza!"

Hezekiah akarudisha kiti mahali pake, akachukua fimbo, akatoka nje ya hema.